Hivi nchi iliyogawanyika kwa vita inachaguaje wabunge? Congo 2028 itakuwaje?

Mwalimu wa Kasulu #1
Wakuu habari za jioni. Mimi nafundisha uraia sekondari huku Kasulu. Jana nilikuwa na kidato cha tatu, mada ni bunge na uwakilishi, nimeshaandika ubaoni vizuri kabisa kwamba kila jimbo lina mbunge, mara kijana mmoja akanyoosha mkono, mama yake ni Mkongo. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa bibi yangu Rutshuru 2023 hawakupiga kura. Sasa kile kiti ni cha nani?" Darasa zima likanigeukia na mimi sikuwa na jibu la maana, nikamwambia nitakuletea kesho.

Ndio nimeingia kusoma usiku huu. Bunge la Kinshasa lina viti 500. Desemba 20, 2023 walipopiga kura, vilivyopigiwa ni 484. Masisi na Rutshuru za Kivu Kaskazini ziliachwa kwa sababu ya waasi wa M23, na Kwamouth kule Mai-Ndombe ikaachwa kwa ule mgogoro wa Wateke na Wayaka. Sasa Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari Bukavu. Uchaguzi ujao ni 2028. Hapo itakuwaje?

Msimamo wangu niuweke wazi ili mniponde vizuri: kuitisha uchaguzi wa wabunge nchi ikiwa vipande ni kuwapigia mhuri wenye bunduki. Wanaopiga wanapata mbunge, wasiopiga wanaambiwa msubiri, na ule mstari wa vita unageuka mpaka wa uraia. Bora vita viishe kwanza.

Mzee wa Bandari #2
Mwalimu nakuheshimu lakini hapo umeteleza. Ungesubiri vita viishe Congo usingefanya uchaguzi hata mmoja mpaka leo. Mimi nilikuwa clearing agent Dar miaka hiyo, mizigo ya Congo ndio ilikuwa inanilisha, nakumbuka nchi ilikuwa vipande vitatu kabisa. Kinshasa na Lubumbashi kwa rais Kabila, Gbadolite na Equateur kwa muasi Bemba na MLC yake, Goma na Bukavu kwa waasi wa RCD. Ukitaka kupeleka mzigo unauliza kwanza ni upande wa nani, maana ushuru wa hapa haujulikani kule. Na bado Julai 30, 2006 walipiga kura nchi nzima, rais na wabunge siku moja, watu milioni 25 wameandikishwa, vituo kama elfu 50. Vita vilikuwa havijaisha Ituri wala Kivu. Uchaguzi ndio uliunganisha ile nchi, sio kinyume chake.

Lushois #3
Mzee wa Bandari vipande vinne, sio vitatu. Umesahau Beni na Butembo, ile ilikuwa RCD-KML ya Mbusa Nyamwisi, haikuwa chini ya Goma. Na sahihisho la pili: wakati wa kura 2006 vile vipande kwenye karatasi vilishaunganishwa. Mkataba ulisainiwa Pretoria Desemba 2002, serikali ya mpito ikaanza katikati ya 2003, ile tuliyoiita moja jumlisha nne, rais mmoja na makamu wanne, wawili kati yao waasi wa jana, Bemba na Ruberwa wa RCD. Kwa hiyo hawakupiga kura katikati ya vita, walipiga baada ya kugawana meza. Tofauti ni kubwa hapo.

Mzee wa Bandari #4
Nakubali sahihisho la Beni. La pili sikubali lote, kwenye karatasi ni kweli ila kila mkubwa alikuwa bado na askari wake. Agosti 2006 matokeo ya rais yanatangazwa tu, walinzi wa Kabila na wa Bemba wakapigana Kinshasa siku tatu. Meza gani hiyo mtu anakula na bunduki mapajani.

Binti Ujiji #5
Mwalimu asante kwa uzi. Mimi naongea la nyumbani tu. Mama mdogo wangu aliolewa Fizi, vita vya 96 vikawaleta Kigoma, wakakaa kambini miaka. Mwisho wa 2005 UNHCR wakaanza kuwarudisha kwa meli, MV Mwongozo, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Tuliwasindikiza bandarini, kila mtu na godoro lake na masufuria, mama mdogo kabeba na mlango, mlango wa mbao kabisa, anasema kule nyumba nitajenga ila mbao ni ghali. Wakafika. Wakakuta uandikishaji umeshafungwa. Binamu yangu mkubwa alikuwa na miaka 24, siku ya kura amekaa barazani anaangalia watu wamepanga foleni kwenye shule ambayo yeye mwenyewe alianzia la kwanza. Ananiambia mpaka leo, siku ile ndio nilijua bado ni mkimbizi.

Kwa hiyo Mzee wa Bandari ukisema nchi nzima ilipiga, nchi nzima sio kweli. Waliobaki Nyarugusu hawakupiga, na waliorudi wamechelewa hawakupiga.

Kaskazini_B #6
Dada huo mlango umenimaliza kabisa. Uko wapi siku hizi?

Binti Ujiji #7
Upo, ndio mlango wa jikoni hadi leo.

Karani wa Zamani #8
Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi ila hapa lazima niandike. Mimi ni wa Uvira, sasa naishi Bujumbura. 2006 nilikuwa karani wa kituo, tulikuwa watano kwenye darasa moja. Wengi mnaongelea viti na mikataba, ngoja niwaambie kura yenyewe ilivyokuwa.

Wagombea wa ubunge nchi nzima walikuwa zaidi ya 9,700 kwa viti 500. Urais 33. Kwa hiyo mpiga kura anapewa karatasi mbili, ya rais ina picha 33, ya wabunge ni kubwa kama gazeti lililofunguliwa, picha ndogondogo, jina, alama ya chama, safu kwa safu. Kinshasa kule Tshangu ilikuwa kurasa sita. Sasa fikiria bibi wa miaka 70 hajui kusoma, anaingia kwenye kile kibanda cha karatasi ngumu, anafungua lile gazeti, linagonga ukuta wa kibanda, kibanda kinaanguka. Kiliangushwa mara nyingi sana siku ile. Tunakisimamisha, tunageuka, tunaangalia ukutani ili tusione amechagua nani. Bibi mmoja alikaa humo zaidi ya dakika kumi, mwenyekiti wa kituo akauliza "Mama kuna shida?" Akajibu kutoka ndani, "Namtafuta mtoto wa dada yangu, ameniambia yuko humu." Foleni nzima ilicheka lakini walimsubiri. Hakuna aliyemharakisha.

Kabla ya adhuhuri sanduku limejaa. Sio kwa wingi wa watu, ni unene wa ile karatasi ikikunjwa. Tulikuwa tunalitikisa ili zishuke. Saa 11 jioni tukafunga, kuhesabu tukaanza giza likiingia, taa ya betri ikafifia usiku wa manane tukamalizia na taa ya mafuta ya mwenye shule. Kila karatasi unaifungua, unaisoma jina kwa sauti, unaionyesha mashahidi wa vyama, unaiweka. Asubuhi tukabandika matokeo mlangoni. Nilikuwa sijalala wala sijala na sikuhisi kitu. Tangu 1965 hawakuwa wamepata uchaguzi wa vyama vingi wa namna ile wazazi wetu.

Ndio maana nikisikia mtu anasema uchaguzi wa nchi yenye vita ni mhuri wa wenye bunduki, naumia. Wenye bunduki walipigwa kwenye ile karatasi.

Lushois #9
Karani hii ndio post ya uzi. Na hiyo sentensi yako ya mwisho ina hesabu kabisa. RCD walishika karibu theluthi ya nchi wakati wa vita. Kwenye bunge la 2006 wakaambulia viti 15. KUMI NA TANO kati ya 500. PPRD ya Kabila 111, MLC 64, PALU ya mzee Gizenga 34. Watu wa Goma na Bukavu waliotawaliwa na RCD miaka mitano waliwakataa mchana kweupe.

Mwalimu wa Kasulu #10
Karani nashukuru sana, hiyo nitaisoma darasani kama unaruhusu. Lakini Lushois hiyo 15 si ndio inanipa haki mimi? Mtu mwenye askari anapewa viti 15, si anarudi porini? Yule jenerali muasi Nkunda si alitoka humohumo RCD? Kwa maneno mengine uchaguzi ulihesabu watu vizuri ila vita havihesabu watu, vinahesabu bunduki.

Lushois #11
Tarehe mwalimu, tarehe. Nkunda alikataa kujiunga na jeshi la pamoja 2003, aliingia Bukavu Juni 2004, na CNDP, kundi lake la waasi, ilizaliwa kabla hata wabunge hawajatangazwa. Mapigano ya Sake ndio Novemba 2006, ila mtu alikuwa porini tayari. Huwezi kusema viti 15 ndio vilimpeleka.

Mwalimu wa Kasulu #12
Sawa havikumpeleka. Ila vilimpa sababu ya kubaki.

Nanyamba Boy #13
Ngoja niwapeleke kusini kidogo, mimi ni Mmakonde wa Mtwara, nina ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Mkitaka kuelewa hili jambo wekeni Angola na Msumbiji mezani, nchi mbili za Mreno, miaka inakaribiana.

Angola walisaini amani Bicesse Mei 1991, wakapiga kura Septemba 1992. Miezi 16 tu. Majeshi mawili bado yapo kamili, kuvunjwa hakujafanyika. MPLA ya serikali ikapata viti 129, UNITA ya waasi 70, bunge la viti 220. Savimbi wa UNITA akakataa, vita vikarudi vibaya kuliko mwanzo, vikaisha 2002 alipouawa yeye. Msumbiji walisaini Roma Oktoba 1992, wakapanga kura 1993, wakaona askari hawajakusanywa, WAKAAHIRISHA mpaka Oktoba 1994. Frelimo ya serikali 129, Renamo ya waasi 112, chama kidogo kimoja 9. Dhlakama wa Renamo akanung'unika lakini akaingia bungeni. Angalieni hiyo 129 imejirudia, Luanda na Maputo namba ileile, matokeo usiku na mchana.

Kwa hiyo swali sio uchaguzi au hapana. Swali ni bunduki ziko wapi siku ya kura. Zikiwa ghalani, bunge linasimama. Zikiwa begani, kura ni cheche tu.

Mzee wa Bandari #14
Nanyamba hapo nimekupata, ila usisahau hela. Msumbiji dunia ilimwaga hela, mpaka Renamo walipewa mfuko wao kuwageuza chama. Angola UN walituma watu wachache mno ukilinganisha na ukubwa wa ile nchi. Congo 2006 vilevile hela ilikuwepo, uchaguzi uligharimu zaidi ya dola milioni 400 na sehemu kubwa walilipa wafadhili, MONUC, wale wa UN, na helikopta zao, Wazungu wa EUFOR wakaja kulinda Kinshasa, karatasi zimechapwa Afrika Kusini zikaletwa na ndege. 2011 wafadhili wamepunguza, ukaona ulivyoharibika. Mimi naona ni hela na usafiri, mambo mengine tunapamba.

Nanyamba Boy #15
Mzee wewe kila kitu unakiona kama kontena.

Mzee wa Bandari #16
Kontena limesomesha watoto wanne, liheshimu kijana.

Kaskazini_B #17
Halafu kuna kitu Nanyamba hukukisema na ndio kinajibu lile swali la mwanafunzi wa mwalimu. Vile viti 70 vya UNITA. Vita vilirudi lakini viti havikugawiwa watu wengine, vikabaki vya UNITA mpaka 1997 wabunge wao walipoenda kuapishwa Luanda. Miaka karibu mitano! Kwa hiyo kiti kinaweza kumsubiri mtu.

Nanyamba Boy #18
Kweli kabisa, na hata 1997 walikaa bungeni huku mkubwa wao bado yuko porini, baadaye wakagawanyika. Ila angalia, hicho kilikuwa kiti cha chama kilichokwisha kupigiwa kura. Rutshuru hakijapigiwa. Ni kama vitu viwili tofauti.

Mutoto wa Virunga #19
Jambo kwenu bote. Mie ni mutu wa Kivu ya Kaskazini, sitasema niko wapi leo. Nimesoma yote tangu juu. Mwalimu, ule mwanafunzi wako anauliza vizuri kupita wakubwa.

Kitu mumesahau ni hii: kwetu viti habigawanye kufuata hesabu ya batu, banagawanya kufuata walioandikishwa. Sensa ya mwisho ya Congo ni ya 1984. Tangu ile mwaka hakuna anayejua tuko wangapi. Kwa hiyo uandikishaji ndio sensa yetu, na ni kitambulisho yetu pia, maana karti ya kupigia kura ndio tunaonyeshaka barabarani kwa askari, ndio tunafungulia laini ya simu. Sasa 2023 kule M23 walishika uandikishaji haukufanyika. Si kura tu tulikosa. Tulikosa kuhesabiwa, na tulikosa karti. Muwaza mutu wa miaka 18 wa Rutshuru: hana mbunge, hana karti, kizuizi cha kwanza anakutana nacho anaulizwa wewe ni nani, hana cha kutoa mufukoni.

Na si mara ya kwanza. 2018 ilikuwa Beni na Butembo. Wakasema Ebola, wakasema usalama, siku tatu nne tu mbele ya kura wakatutoa, na Yumbi kule magharibi pia. Watu zaidi ya milioni. Rais aliapishwa Januari 24, 2019, Beni wakapiga kura ya wabunge Machi 31. Rais wako tayari anakaa kwa kiti, wewe unaambiwa sasa njoo uchague. Ile Desemba 30 yenyewe vijana wa Beni walitengeneza vituo vyao, kalamu na karatasi, watu wakapanga mustari toka asubuhi, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa na mutu. Na wakanawa mikono, kwa sababu ya Ebola, kila mutu ananawa, anapiga, anatoka. Mutu akisema watu wa vita habajali uchaguzi, aambiwe ile siku.

Binti Ujiji #20
Wakanawa mikono. Mungu wangu.

Mwalimu wa Kasulu #21
Mutoto wa Virunga ndugu yangu, pole na asante. Hilo la sensa 1984 sikulijua kabisa. Kwa hiyo hata ule mgao wa viti una kasoro toka chini, mkoa uliotulia unaandikisha wengi unaongeza viti, mkoa wa vita unapungua.

Lushois #22
Ndiyo na hapana mwalimu. Sehemu za vita pia zina kinyume chake, mwenye bunduki anaandikisha mpaka watoto ili eneo lake lionekane lina watu. Mkumbuke Masisi 2011. CNDP walishafanywa chama kwa makubaliano ya Machi 23, 2009, na hiyo tarehe ndio M23 wamejipa jina. Askari wao wameingizwa jeshi la taifa lakini wako palepale Masisi na makamanda walewale. Matokeo ya wabunge wa Masisi yalikuwa na fujo mpaka tume ya uchaguzi yenyewe ikaomba mahakama iyafute. Kwa hiyo Masisi 2011 imepiga kura chini ya mtutu, Masisi 2023 haikupiga kabisa. Niambieni ipi ni afadhali, mimi sijui kuchagua.

Tuta la Ngwasuma #23
Wakuu mnaongea vitu vizito mpaka nimesahau ugali jikoni. Ila mimi naona tatizo la Congo ni lugha. 2006 raundi ya pili Kabila 58 Bemba 41 na ushee, tazameni ramani, Waswahili mashariki wote Kabila, Walingala magharibi wote Bemba. Hayo mengine ni mbwembwe.

Lushois #24
Asilimia sawa, sababu sio hiyo. Kasai wanaongea Tshiluba sio Kilingala na wao? Bandundu nao? Gizenga alikubaliana na Kabila kwa raundi ya pili ndio maana kura zake za Bandundu... na hata hivyo hazikwenda zote. Watu wa Kivu walimpigia Kabila kwa sababu yeye ndiye aliyeonekana kumaliza vita, na kwa sababu walimchoka RCD. Cha ajabu ni hiki: eneo lililotawaliwa na waasi wa RCD ndilo lililompa rais kura zaidi ya asilimia 90, na Kinshasa, mji mkuu wake mwenyewe, ulimkataa. Ramani ya kura haikufanana na ramani ya vita. Lugha ipo ila haifiki mbali hivyo.

Karani wa Zamani #25
Mimi niliyehesabu karatasi naongeza. Hatukuwa tunahesabu lugha. Watu wa kwetu walikuwa wanasema neno moja tu foleni nzima, "tulale". Tunataka tulale. Yeyote waliyeona ataleta usingizi walimpa. Sasa kama usingizi ulikuja ni swali lingine.

Brussels Uswazi #26
Wazee wa kazi naingia late. Mimi niko Ubelgiji, baba Mkongo mama wa Tanga. 2023 diaspora tuliruhusiwa kupiga kura mara ya kwanza kabisa, nchi tano, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Canada na Afrika Kusini. Nilipiga. Lakini ni rais TU. Mbunge hatuna. Na angalieni hiyo orodha, hakuna Tanzania, hakuna Uganda, hakuna Burundi, ambako ndiko wakimbizi waliko. Mimi nimekaa Ulaya, sijawahi kukimbia hata risasi moja, nimepiga. Shangazi yangu yuko Nyarugusu toka 97 hajapiga hata mara moja maishani. Nilitoka pale kituoni sina furaha, kidole kina wino nikakiweka mfukoni.

Binti Ujiji #27
Kaka umenigusa. Nyarugusu ni pua na mdomo na Kasulu, mwalimu anaijua. Kuna watu wamezaliwa mle, sasa wana watoto wao.

Mwalimu wa Kasulu #28
Kweli kabisa dada, naijua.

Mkali wa Minnesota #29
Kwa wanaosema nchi ikigawanyika msipige kura, Marekani wenyewe walipiga 1864 katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Majimbo 11 ya kusini yalishajitoa, viti vyao kwenye Congress vikabaki wazi, wengine wakaendelea kutunga sheria. Na vilevile viti vilivyobaki wazi ndio vilirahisisha kupitisha yale mabadiliko ya katiba ya kufuta utumwa, Januari 1865. Kwa hiyo bunge lenye mapengo linaweza kufanya kitu kikubwa.

Nanyamba Boy #30
Mkali usilinganishe. Kule wa kusini walijitoa wenyewe, wana bunge lao Richmond. Rutshuru hawakujitoa, walitekwa. Ukitaka mfano wa mabunge mawili nenda Libya, Juni 2014 wamechagua wabunge wa viti 200, vituo vingine havikufunguliwa kama Derna, viti 12 vikabaki wazi, waliojitokeza ni wachache mno, lile bunge jipya likaenda kukaa Tobruk na la zamani likagoma kuondoka Tripoli. Mpaka leo hawajachagua tena. Hilo ndilo naliogopa kwa Congo, Goma wakisema na sisi tuna baraza letu.

Kaskazini_B #31
Naomba kuuliza, hivi wabunge wenyewe wa mashariki waliopo wanafanya nini? Maana tunabishania viti kana kwamba kiti kinaleta amani.

Mutoto wa Virunga #32
Swali nzuri na jibu inauma. Mei 2021 serikali iliweka hali ya dharura Kivu ya Kaskazini na Ituri, gavana akawa mwanajeshi, bunge letu la mkoa likasimamishwa. Katiba inasema ile hali iongezwe kila siku 15 na bunge la Kinshasa. Basi kila wiki mbili wanaongeza. Wabunge wa kwetu walilia, wakasusa, wengine wakasema inatosha. Wako kama 70 kati ya 500, wanashindwa. Wale 430 habajasikia risasi, wananyoosha mkono, imepita. Kwa hiyo ndugu Kaskazini, kiti hakileti amani. Lakini kama hata wale wachache hawako, nani atasema humo ndani kwamba Kiwanja, ule mji wa Rutshuru, kuna watu?

Mzee wa Bandari #33
Hapo pazito. Mimi nabaki na msimamo wangu kwamba wapige kura 2028 hata ikiwa nusu, ila nimeongeza kimoja: waliokimbia wapige hapo walipokimbilia, kwa ajili ya jimbo lao walikotoka. Mtu wa Rutshuru akiwa Beni au Kasulu apewe karatasi ya Rutshuru.

Lushois #34
Nani atawaandikisha? Orodha utaitoa wapi? Na mgombea atapiga kampeni wapi, kambini? Halafu atakayeshika kambi ndiye atashika kura. Umeona 2023 mashine za kupigia kura zimekutwa nyumbani kwa wagombea, tume ikafuta kura za wagombea 82, na Masimanimba na Yakoma zikafutwa zote, wakarudia Desemba 2024. Huko hakukuwa na M23 wala nani. Sasa wewe unataka kambini.

Mzee wa Bandari #35
Bosnia walifanya 1996, mkimbizi anapiga kwa kijiji alichofukuzwa. Wizi ulikuwepo ila ilifanyika.

Mwalimu wa Kasulu #36
Na wizi mkubwa, watu waliandikishwa mahali ambapo hawajawahi kukanyaga ili mji ubaki wa walioteka. Mzee mimi natoka kwenye msimamo wangu nusu. Kusubiri vita viishe siwezi kusema tena baada ya zile karatasi za Beni. Ila wewe nawe hujanishawishi. Kesho nikiingia darasani nitamwambia yule kijana kiti ni cha bibi yake, na kwamba wakubwa humu wamebishana usiku kucha namna ya kumfikishia.

Tuta la Ngwasuma #37
Mwalimu mwambie pia Mayele alitoka kwao akaja Yanga akafunga magoli mpaka tukachoka kushangilia. Tumtie moyo mtoto.

Kaskazini_B #38
Simba hatujasahau.

Karani wa Zamani #39
Mwalimu isome, ruhusa unayo. Ila ile sehemu ya bibi anayemtafuta mtoto wa dada yake ongeza kwamba alimpata. Alitoka kibandani ameishika karatasi juu, haijakunjwa, anatuonyesha kidole chake kilipo, na tukamwambia mama ikunje, ni siri yako.

Mutoto wa Virunga #40
Nimalizie na hii nilale. Kwa nyumba ninayopanga kuna mama wa Kiwanja. Alikuwa kambi ya Kanyaruchinya, Februari 2025 kambi zimevunjwa, kwao nyumba ilichomwa, njo akabaki hapa anauza makala, yaani makaa, kwa vifungu. Usiku huu nimemuuliza mama, ulipigaka kura? Akaingia ndani akatoa mufuko wa sukari, ndani mufuko mwingine, ndani karti ya 2017. Picha imefutika, anaonekana kitambaa cha kichwa tu, sura hapana. Lakini kituo kinasomeka, ni shule ya msingi, Rutshuru. Akaniuliza kama ile shule inasimama bado. Nikamwambia mama sijui, nitauliza.

Mwenye kuwa na mutu Kiwanja aniandikie pembeni tafadhali.